"Limeteguka tu": Neno Linalowaponza Wanamichezo Wetu

Katika muhula wa kwanza wa mwaka 2017, mpwa wangu, aliyekuwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya upili iliyo kati ya Kitale na Kimilili, aliangushwa katika mchezo wa raga akatanguliza mkono. Bega lake la kulia likahama. Mwalimu aliyesimamia mchezo, akisaidiwa na wavulana wawili wenye nguvu, alimlaza chini na kuuvuta mkono mpaka mfupa ukarudi kwa mlio ambao mpwa wangu husema bado anausikia. Kisha mwalimu akatamka maneno ambayo mimi nimeyasikia viwanjani tangu nikiwa mwanafunzi: "Limeteguka tu. Mchueni, wiki ijayo atacheza."

Alicheza baada ya wiki tatu. Kabla ya mwaka huo kwisha, bega lilikuwa limehama tena. Kufikia katikati ya mwaka 2018 halikuhitaji mpinzani wala uwanja. Lilihama alipojigeuza kitandani bwenini, likahama tena aliponyoosha mkono kuanika shati. Kijana wa miaka 17 akawa anaishi kama mtu aliyebeba yai kwapani.

Sisimulii kisa hiki ili kumlaumu mwalimu yule. Alitenda kwa huruma, na alitenda kama alivyowaona walimu wake wakitenda. Ninakisimulia kwa sababu kazi yangu ni kuchunguza lugha, nami nimesadiki kwamba katika kisa hiki neno moja lilileta madhara makubwa kuliko yule mvulana aliyemwangusha mpwa wangu. Neno lenyewe ni "kuteguka", likiandamana na kile kielezi chetu cha kupuuzia mambo, "tu".

Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameisoma kauli ya kutendua: ziba huzaa zibua, funga huzaa fungua, tega huzaa tegua. Mtego uliotegwa ukiguswa huteguka. Kitenzi hicho hicho twakitumia kwa viungo vya mwili, na hapana ubaya wowote. Taabu ni kwamba tumekibebesha mzigo mkubwa mno. Mtu akikanyaga jiwe vibaya, kano za kifundo cha mguu zikavutika, twasema ameteguka. Mtu ambaye kichwa cha mfupa wa mkono kimetoka kabisa mahali pake na kusogea kuelekea kifuani, yeye naye twasema ameteguka. La kwanza ni jeraha ambalo aghalabu hupoa kwa mapumziko. La pili ni dharura ya hospitali. Lugha isipotenganisha mambo mawili, watumiaji wake nao hushindwa kuyatenganisha, na jeraha kubwa likapewa tiba ya jeraha dogo.

Liko na kosa la pili, lililojificha zaidi. Mtego ukiteguka, mwindaji huutega tena ukawa kama ulivyokuwa mwanzo. Nasi twadhani kwamba bega likirudishwa limekuwa kama lilivyokuwa mwanzo. La hasha! Bega si mtego. Kila linapotoka mahali pake huacha kitu nyuma, na kitu hicho mara nyingi ni mfupa.

Hebu, mpenzi msomaji, tulitazame bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni tufe kubwa. Mahali kinapoketi, kwenye pembe ya ule mfupa mpana wa mgongoni tuuitao kombe la bega, ni kijisahani kisicho na kina. Mfano wake ni chungwa lililoegeshwa kwenye kisahani cha chai. Ndiyo sababu mkono waweza kuzunguka pande zote, ukarusha mpira, ukapiga jembe, ukajikuna mgongo. Na ndiyo sababu bega huhama kuliko kiungo kingine chochote kikubwa cha mwili. Kinachozuia chungwa lisibiringike ni ukingo wa gegedu unaokizunguka kisahani, pamoja na kano na misuli. Katika kila mabega 100 yanayohama, takriban 95 huhamia mbele.

Bega likitoka mbele kwa kishindo, gegedu hiyo hubanduka. Mpasuaji wa London, Blundell Bankart, aliandika habari za jeraha hilo mwaka 1923, na hadi leo laitwa kwa jina lake. Lakini mara nyingi ukingo wa mfupa wa kisahani nao humeguka au husagika. Kichwa cha mfupa wa mkono nacho, kikigonga ukingo huo, huingia kishimo kwa nyuma. Wamarekani wawili, Hill na Sachs, walikieleza kishimo hicho mwaka 1940. Bega linapohama mara ya pili, ya tatu na ya kumi, kisahani huzidi kupungua na kishimo huzidi kupanuka, hata chungwa likawa halina pa kukaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui kama wameupata mfano bora kuliko huu.

Umri nao una sehemu yake katika mambo haya. Kijana ambaye bega lake limehama kabla hajatimiza miaka 20 yumo katika hatari ya kulihamisha tena kuliko mtu wa miaka 50. Hii ina maana kwamba jeraha hili ni la shule zetu hasa. Ni jeraha la vijana wa raga, wa mpira wa mikono na wa magongo, ambao katika sehemu za Kitale na Bungoma ni maelfu.

Sasa sikiliza takwimu hizi. Mwaka 2000, Stephen Burkhart wa Marekani na Joe de Beer wa Cape Town walichapisha matokeo ya wagonjwa 194 ambao gegedu zao zilikuwa zimeshonwa kwa kupitisha kamera katika matundu madogo. Miongoni mwa wale ambao mfupa wao haukuwa umepungua sana, mabega yaliyohama tena yalikuwa asilimia 4 pekee. Miongoni mwa wale waliopoteza mfupa mwingi, yalikuwa asilimia 67. Na kwa wachezaji wa michezo ya kugongana waliopoteza mfupa mwingi, ambapo karibu wachezaji wote waliochunguzwa walikuwa wa raga kutoka Afrika Kusini, yalifikia asilimia 89. Kumshonea gegedu mtu aliyepoteza mfupa ni sawa na kupaka chokaa ukuta uliobomoka.

Ukuta uliobomoka hujengwa upya. Hilo ndilo lengo la upasuaji wa kupandikiza mfupa, na si jambo geni. Rudolf Eden wa Ujerumani mwaka 1918, kisha Hybbinette wa Uswidi mwaka 1932, waliandika jinsi ya kuchukua kipande cha mfupa kutoka kwingine katika mwili wa mgonjwa na kukiweka kwenye ukingo wa bega. Hadi leo mfupa wa nyonga hutumiwa hivyo, hasa pale ambapo pengo ni kubwa. Mwaka 1954 Mfaransa Michel Latarjet akaleta njia nyingine ambayo siku hizi ndiyo mashuhuri zaidi. Mwaka 1958 Arthur Helfet wa Afrika Kusini naye akaeleza njia inayokaribiana nayo, akaiita kwa jina la mwalimu wake, Bristow.

Mbele ya bega, chini ya mtulinga, kombe la bega lina kinundu kilichopinda. Wataalamu wa zamani walikipa jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kunguru, kwa kuwa kinafanana na mdomo wa ndege huyo. Mpasuaji hukikata kinundu hicho kikiwa bado kimeshikamana na misuli yake, akakipitisha katika msuli wa mbele ya bega, akakikaza kwa parafujo kwenye ukingo uliomeguka. Faida yake ni maradufu. Kisahani kinapanuka tena, na ile misuli iliyohama pamoja na kinundu inageuka kuwa mkanda unaokizuia kichwa cha mfupa kila mkono unapoinuliwa. Kazi hii yaweza kufanywa kwa kupasua ngozi waziwazi, bila ya zile kamera za bei ghali. Yahitaji mpasuaji aliyefunzwa, nusukaputi salama, picha nzuri za mifupa na parafujo mbili. Basi si tiba ya matajiri wa ng'ambo peke yao.

Sisemi kwamba kila bega lililohama lipasuliwe. Mengi hutunzwa kwa mapumziko na mazoezi ya viungo, na mengine hutosheka na kushonwa gegedu. Aghalabu wapasuaji hufikiria kupandikiza pale upungufu wa kisahani unapokaribia robo yake, au pengo likiwa dogo zaidi lakini mgonjwa ni mchezaji wa michezo ya kugongana. Upasuaji wenyewe una hatari zake: kidonda kuambukizwa, neva kujeruhiwa, parafujo kulegea, kipande cha mfupa kukataa kushikana. Mkono waweza kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzunguka nje, na mchezaji husubiri miezi minne hadi sita, au zaidi, kabla ya kurudi uwanjani. Haya yote mgonjwa anastahili kuyajua kabla ya kutia sahihi. Na hapo ndipo ninaporudi kwenye kisa changu.

Mpwa wangu alifika mbele ya mpasuaji mwezi wa Agosti 2018, katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari, kijana mwenye adabu na ujuzi, alimweleza dada yangu mambo yote kwa Kiingereza. Muuguzi, aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni, akayatafsiri yote kwa sentensi moja: "Mama, watampandikizia mfupa." Kisha fomu ikaletwa, nayo kwa Kiingereza. Dada yangu alisoma hadi darasa la sita. Kiswahili anakijua, na Lubukusu ndiyo lugha ya nyumbani kwake huko Bungoma. Akaitazama fomu, akaiweka kalamu mezani, akauliza: "Mfupa wa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Nadhani walidhani ni swali la ujinga. Kumbe lilikuwa swali la mtu anayejua Kiswahili vizuri! Redioni alikuwa amesikia habari za kupandikiza figo, na alijua kwamba figo hutoka kwa mtu mmoja ikatiwa kwa mwingine. Kwa hiyo mfupa nao lazima utoke kwa mtu. Kama hakuna aliye hai aliyejitolea, umetoka wapi? Mifupa ya wafu si jambo la mzaha kwetu. Akamshika mwanawe mkono ule mzima, wakapanda matatu, wakarudi nyumbani. Mimi niliambiwa baadaye, kwa simu, kwamba daktari alitaka kumtia kijana mfupa wa maiti.

Miezi minane ikapita. Sijui bega lilihama mara ngapi katika muda huo, maana kijana alianza kutuficha. Alikuwa amejifunza kulirudisha mwenyewe akiwa chooni, ameuma kola ya shati.

Kwetu mjomba, khocha, hana ruhusa ya kunyamaza katika mambo ya mpwa wake. Likizo ya Aprili 2019 niliwasindikiza kurudi hospitalini. Safari hii nilimwomba daktari anieleze polepole, nami nikamweleza dada yangu. Daktari akachora kisahani nyuma ya karatasi, akachora kinundu, akachora mshale kutoka huku kwenda kule. Nikamwambia dada: "Mfupa ni wake mwenyewe. Wanautoa kwenye bega hili, wanauweka kwenye bega hili hili." Akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe ni kama ninavyoing'oa miche ya sukumawiki kitaluni nikaipandikiza papo hapo shambani mwangu." Nikamjibu kwamba ni hivyo hasa. Akaichukua kalamu, na kabla ya kutia sahihi akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake: "Sasa mbona hawakusema hivyo mwaka jana?"

Tazama, msomaji, jinsi neno moja lilivyokuwa na maana mbili, na jinsi mama huyu alivyokuwa nazo zote mbili kichwani, ya figo na ya mche, ila hakukuwa na mtu wa kumwonyesha ni ipi iliyokusudiwa. Miezi minane ya mateso ilisimama juu ya pengo hilo.

Wala hili si suala la hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaagiza kwamba mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, na kwamba inapowezekana aelezwe katika lugha anayoifahamu, kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Sahihi iliyotiwa chini ya maneno yasiyoeleweka ni wino tu.

Nasikia msomaji akiuliza: na wale waganga wetu wa viungo, ambao Kiswahili huwaita wahazigi? Sina nia ya kuwadharau. Kurudisha bega kwa mkono ni ujuzi wa kale; Hippocrates wa Uyunani aliandika njia kadhaa karne nyingi kabla ya kuwapo kwa hospitali zetu. Wazee wetu wengi wanao ujuzi wa jinsi hiyo. Lakini mkono hauoni ndani ya mwili. Mhazigi hawezi kujua kama ukingo umemeguka, au kama mfupa wa mkono umevunjika pamoja na kuhama, na kuvuta bega lililovunjika kwaweza kuumiza neva na mishipa ya damu. Mzee mwenye hekima atamwambia mgonjwa aende kwanza kupiga picha ya eksirei.

Walimu wenzangu, ninyi ndio mnaofika kwanza kwa mtoto aliyeanguka. Nawasihi mambo manne. Kwanza, bega likihama msilivute. Ufungeni mkono kwa kitambaa ukae kama ulivyo, mtazame kama vidole vina joto na hisia, muulize kama ngozi ya upande wa nje wa bega imekufa ganzi, kisha mpelekeni hospitalini bila kukawia. Pili, aandikiwe katika faili lake la shule tarehe, na bega lilihama vipi. Mara ya pili isiwe habari mpya kwa kila anayekuja. Tatu, likihama mara ya pili, msikubali arudi uwanjani mpaka aonwe na mtaalamu wa mifupa. Kitale na Bungoma zina hospitali za rufaa za kaunti, na Eldoret, iliyo kama kilomita 70 kutoka Kitale, ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, katika mji ambao umekuwa na wanafunzi wa udaktari tangu mwaka 1990. Nne, msiseme "tu".

Nasi wa lugha tuna deni letu. Napendekeza tuwafundishe wanafunzi kutofautisha: kano zikivutika, kiungo kimeteguka, mfupa ukitoka mahali pake, kiungo kimehama, mfupa ukipasuka, umevunjika. Na tukizungumza juu ya tiba hii, tuseme kwa ukamilifu kwamba ni kupandikiza mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Ni maneno matatu zaidi, na yangemwokolea mtoto mmoja miezi minane. Mtaala mpya wa shule za sekondari ya juu una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ikiwa sayansi hiyo haitakuwa na msamiati ambao mzazi wa mwanafunzi aweza kuuelewa, itaishia kwenye karatasi za mtihani.

Mpwa wangu alipasuliwa mwezi huo huo wa Aprili. Alivaa kitambaa cha mkono kwa wiki kadhaa, akafanya mazoezi aliyoyachukia, na Novemba 2019 akaandika mtihani wake wa kidato cha nne kwa mkono wa kulia. Bega halijahama tena. Hakurudi katika raga, na mkono wake haurushi mpira kama zamani. Kwa hilo bado ana kinyongo kidogo, nami simlaumu. Angelipelekwa kupigwa picha siku ile ya kwanza, na kuzuiwa kucheza hadi apone, huenda kisahani chake kisingalimeguka kiasi kile.

Kiswahili kina mzaha wake. Kombe ndilo lile ambalo shule zetu hulishindania kila mwaka, na kombe ndio ule mfupa wa bega. Tusiwaache watoto wetu walivunje hili la pili huku wakilisaka lile la kwanza.